Sura ya Tano: Tarehe Kwanza

Kila mstari wa shajara yangu huanza na tarakimu nane: mwaka, mwezi, siku. Ndipo habari zinapofuata, na habari zenyewe ni ndogo. Umeme umerudi saa ngapi. Maji ya bomba yametoka au la. Ziwa Tanganyika limefika ngazi ya ngapi pale chini ya mwalo. Fungu la ndagala wabichi limeuzwa faranga ngapi. Mvua imenyesha usiku au mchana, na upepo umevuma kutoka kusini au umeshuka kutoka milima ya Mitumba. Yote yamo ndani ya faili moja ya maandishi matupu, isiyo na rangi wala picha wala jedwali, faili ambayo simu ya bei ya chini kabisa inaifungua, na kompyuta ya miaka 30 iliyopita ingeifungua pia.

Niliyachagua maandishi matupu baada ya kupiga hesabu. Herufi moja ya Kiswahili inachukua baiti moja. Mstari wa herufi 200 kila siku, kwa miaka 10, haufiki kilobaiti 750, wakati picha moja ya simu ya kawaida huwa na megabaiti mbili au tatu. Muongo mzima wa maisha ya kartiye yetu unaweza kupita kwenye mtandao dhaifu wa usiku kwa chini ya mega moja, ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Nakala ya kwanza iko kwenye simu. Ya pili iko kwenye kadi ya kumbukumbu niliyoifunga ndani ya plastiki na kuihifadhi kwa ndugu anayekaa juu, mbali na maji. Ya tatu iko kwenye seva nje ya nchi. Uvira imebanwa kati ya mlima unaoporomoka na ziwa linalopanda, na kitu ambacho mtu anakithamini hakiwekwi mahali pamoja tu.

Mwaka unatangulia kwa sababu ya mpangilio. Hapa Kongo tumefundishwa kuandika siku, mwezi, mwaka. Simu nyingi za mitumba zinazoletwa kwangu nizitengeneze bado zina mipangilio ya Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Sasa mtu akikutana na 04/10 kwenye daftari la mvua, je, ni tarehe 4 Oktoba, wakati mvua ndiyo kwanza zinafungua, au ni tarehe 10 Aprili, wakati mito yetu ya Mulongwe na Kalimabenge inashuka ikivuta mawe? Tofauti yake ni nusu mwaka. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa mwaka 1988 kiwango namba 8601 kinachomaliza ubishi huo: kikubwa kwanza, kidogo mwisho. Na kina faida nyingine ambayo mtu huigundua akiwa ameshaanza kukitumia. Kompyuta ikipanga majina ya faili kwa utaratibu wake wa kawaida, inakuwa imeyapanga kwa wakati bila kuagizwa.

Mzee mmoja aliyeniletea redio yake aliniona nikiandika, akauliza, "Mwanangu, umeme kukatika nayo ni habari ya kuandikwa? Nani hapa hajui?"

"Baba, kwamba unakatika tunajua wote. Ulikatika lini, ukarudi lini, hilo hakuna anayekumbuka."

"Na ukishakumbuka, utawaka?"

Swali lake lina uzito, na jibu lake limetoka hapa hapa Uvira.

Kuanzia 2009 hadi 2014 kulikuwa na madaftari mawili yaliyojazwa kila siku katika mji huu, kila moja likiwa peke yake mezani kwake. La kwanza lilikuwa kwenye mtambo wa maji wa shirika la REGIDESO, unaochota maji ya mto Mulongwe, kuyasafisha na kuyasukuma kwenye mabomba ya mji. Humo kiliandikwa kiasi cha maji kilichotoka siku ile. La pili lilikuwa kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu. Humo aliandikwa kila mgonjwa aliyeingia. Waliokuwa wakiyajaza walifanya kazi ya kawaida ya ofisi, ile kazi ya kalamu ambayo hakuna anayeisifu, na ambayo mtu hurudi nyumbani bila kuwa na la kusimulia juu yake.

Baadaye Aurélie Jeandron na wenzake wa London School of Hygiene & Tropical Medicine waliyaingiza madaftari hayo kwenye kompyuta moja, siku kwa siku, na walichokiona wakakichapisha mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine. Siku ambayo mabomba hayakutoa maji kabisa ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu la wastani wa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambayo mtambo ulifanya kazi vizuri. Yaani wagonjwa walizidi mara mbili na nusu. Wakakadiria pia kwamba asilimia 23 hivi ya wote walioingia kituoni katika kipindi kile walitokana na upungufu wa maji ya bomba. Na mtambo ulisimama mara nyingi kwa sababu umeme ulikatika.

Fuatilia mnyororo huo polepole. Umeme unakatika, pampu inasimama. Pampu ikisimama, akina mama na watoto wanabeba bidoni kwenda ziwani au mtoni. Bakteria ya kipindupindu huchukua saa chache hadi siku tano hivi kabla mtu hajaanza kuharisha. Huyo wa kwanza anaweza kuwaambukiza wa nyumbani mwake, nao wanahitaji siku zao. Ndiyo maana watafiti hawakuangalia kesho yake tu, wakatazama siku 12. Mama yeyote wa Uvira angeweza kuwaambia kwamba bomba likikauka watoto huumwa. Lakini ni kiasi gani? Kwa siku ngapi? Hapo neno la mama, hata likiwa la kweli tupu, haliingii kwenye bajeti ya mtu yeyote. Asilimia 23 inaingia. Anayetafuta fedha za pampu na mabomba anaweza kuiweka mbele ya wafadhili na kuuliza wao wana hesabu gani ya kuipinga.

Ninachotaka msomaji akishike ni kile kilichoyaunganisha madaftari yale. Fundi wa mtambo hakuandika majina ya wagonjwa, na muuguzi hakuandika ujazo wa maji. Kurasa zao zilishirikiana safu moja tu, ile ya tarehe. Kama fundi angekuwa na tabia ya kujaza wiki nzima kila Jumamosi kwa kukisia, au muuguzi angeandika "baada ya Pasaka", kompyuta yenye nguvu kuliko zote isingeweza kuyapatanisha. Kwenye kazi ya hifadhidata tunajua jambo hili mapema sana: majedwali mawili yasiyo na safu ya pamoja hayaunganiki, hata yawe yamejaa kiasi gani. Tarehe ndiyo safu ambayo binadamu wote tunaishiriki bila kuombana ruhusa. Mtu akiiandika vizuri, ameacha mlango ambao mwingine, asiyemjua, ataweza kupitia.

Jirani na ziwa letu kuna mfano wa tarehe zilizopotea, na wahusika ni watu maarufu. Kila mtoto wa shule amesikia kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Siku ipi? Stanley aliandika 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaonyesha kwamba yeye mwenyewe alifika Ujiji 23 Oktoba na kwamba mgeni wake alitokea siku chache tu baadaye, Oktoba ikiwa haijaisha. Walishikana mikono mahali pamoja kwa wakati mmoja, na bado kalenda zao ziliachana kwa karibu wiki mbili. Homa na safari ndefu humpotezea mtu hesabu ya siku, hasa akikosa mwenzake wa kulinganisha naye. Kwa hadithi ya kukutana kwao wiki mbili si kitu. Kwa anayetaka kujua ziwa lilikuwa wapi mvua za mwaka ule zilipoanza, ni shida kubwa.

Miezi michache kabla ya hapo, akiwa Nyangwe upande wa Manyema, Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Alichukua kurasa za gazeti la zamani la Kiingereza akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea. Katika kurasa hizo ameeleza mauaji ya sokoni Nyangwe ya 15 Julai 1871, aliyoyaona kwa macho yake. Wino ule ulififia, maandishi ya gazeti yakabaki, na kwa karibu miaka 140 kurasa hizo hazikusomeka vizuri. Ilibidi kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lizipige picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile ambayo jicho haliioni, kisha kompyuta itenganishe wino wa mmea na wino wa kiwanda. Mwaka 2011 shajara hiyo ikawekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na leo mtu aliyeko Kavimvira hapa Uvira mwenye mega za kutosha anaweza kuisoma. Nimeifungua mara nyingi, nikiziangalia zile kurasa za rangi zisizo za kawaida. Hunifanya nimheshimu sana mtu ambaye hata karatasi zilipomwishia hakuacha kuandika. Pia hunikumbusha kwa nini nang'ang'ania maandishi matupu. Kiswahili hakina alama juu ya herufi. Herufi zote tunazohitaji zilikuwamo tayari katika jedwali la ASCII la mwaka 1967, na UTF-8 iliyobuniwa 1992 iliziacha zilivyo. Lugha yetu imebahatika kwa hilo. Atakayeikuta faili yangu hatahitaji mianga ya ajabu.

Saa ya simu, ambayo sote tunaiamini, inahitaji kuangaliwa nayo. Ndani ya simu nyingi hakuna siku wala mwezi. Kuna hesabu ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, na simu huigeuza hesabu hiyo kuwa tarehe inapotuonyesha. Simu ikikaa muda mrefu bila chaji, hesabu hiyo inaweza kurudi mwanzo. Watu wameniletea simu ambamo picha za harusi ya binti yao zimeandikwa 1970, miaka mingi kabla bibi harusi hajazaliwa. Ikipata mnara wa mtandao, saa hujirekebisha, lakini picha zilizopigwa kabla ya hapo hubaki na uongo wake.

Kuna pia suala la majira. Kongo ina saa mbili: Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya Greenwich, sisi wa mashariki tuko saa mbili mbele. Anayechagua "Kinshasa" kwenye mipangilio kwa sababu ndiyo mji mkuu, anaishi Uvira akiwa nyuma kwa saa moja; achague "Lubumbashi". Burundi ng'ambo ya pili tuko nayo sawa, kwa hiyo simu ikidaka mnara wa Bujumbura haiharibu kitu. Lakini Tanzania iko saa tatu mbele. Mashua ikitoka bandari yetu ya Kalundu kwenda Kigoma, njiani saa moja inamezwa, na ziwa hili moja linakuwa na saa mbili tofauti kwenye fukwe zake. Mfanyabiashara anayeweka kumbukumbu za mzigo pande zote mbili aandike saa na mahali, la sivyo atakuja kuona gunia lililopokelewa kabla halijatumwa.

Picha zinazozunguka kwenye WhatsApp nazo zinanisikitisha kwa sababu hiyo hiyo. Programu hiyo inapobana picha huondoa maelezo yaliyofichwa ndani yake, yakiwemo tarehe na mahali ilipopigwa. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulivunja kingo zake. Makumi ya watu walifariki na maelfu kwa maelfu wakabaki bila makazi. Picha zilizopigwa wakati ule zilikuwa ushahidi mkubwa wa maji yalifika nyumba ipi, ukuta upi, darasa lipi. Sasa zimebaki kwenye simu za watu bila siku, na picha ya 2020 inaweza kutumwa tena katika mafuriko mengine kana kwamba imepigwa leo asubuhi. Kwa hiyo nawaomba watu jambo dogo: kabla ya kutuma picha, andika tarehe na jina la avenue chini yake kwa maneno. Maneno hayabanwi.

Nirudi kwenye habari zangu mbili zinazokaa jirani kila siku, ya umeme na ya ziwa. Zinasimulia maji yale yale. Wapelelezi Burton na Speke walipofika Uvira mwezi Aprili 1858, walikuja na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Ukitoka kuelekea kaskazini, huenda ndio chanzo cha Naili. Wenyeji waliwaambia waziwazi kwamba unaingia. Wageni wale hawakufika kwenye mdomo wenyewe, na kwa miaka 13 wanajiografia wa Ulaya waliendelea kubishana, hadi Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi mwishoni mwa 1871 wakauona mto ukiingia, kama wenyeji walivyosema. Hapo ndipo roho inaponiuma. Watu wa hapa walilijua jibu tangu enzi za mababu zao. Walikunywa jibu hilo na kuvua samaki ndani yake. Lakini neno lao halikuhesabiwa kuwa ushahidi mpaka mgeni alipoliandika. Nikiandika leo kwamba ziwa limepanda ngazi moja, nataka liwe limeandikwa na mtu wa hapa, siku lilipopanda, kabla ya kuja mtu wa kuuliza.

Na kwa nini mto unaelekea kusini? Ni kazi ya volkano za Virunga. Zamani maji ya eneo la Kivu yalikwenda kaskazini. Milima ya moto ilipoziba njia, Kivu lilijaa likafurikia upande wa Bukavu, na Ruzizi ukapata maji hayo, ukishuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita 120 hivi kabla ya kufika kwetu. Mteremko huo ndio unaozungusha mitambo ya Ruzizi I, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989. Umeme unaochaji simu ninayoandikia umetoka kwenye swali la Burton. Maji yakishatoka kwenye mitambo yanaendelea na safari, yanapita bonde lote, yanaingia ziwani karibu na Gatumba, na mwishowe naweza kuyahesabu kwenye ngazi.

Ngazi hizo zina historia yake. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na hata huo unatoa kiasi kidogo. Maji mengi zaidi hupaa kwa mvuke. Mvua zikizidi kwa miaka mfululizo, hakuna pa kuyakimbizia. Katika karne ya 19 Lukuga uliziba kwa mchanga na mimea, ziwa likapanda, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 likavunja kizuizi na kushuka mita nyingi. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha tena, kilele kikawa 1964. Kisha kuanzia 2020 tukaona wenyewe, na 2024 maji yalikuwa ndani ya nyumba za Kavimvira na barabarani kuelekea Bujumbura. Wazee walikuwa wakisema kwamba maji yalifika pale enzi za ujana wao. Vijana waliojenga ufukweni katika miaka mikavu walisikia kama mtu anavyosikia hadithi. Laiti kungekuwa na ukuta mmoja wenye mstari wa rangi na maandishi "1964-05" juu yake, naamini baadhi ya viwanja vile visingeuzwa.

Tangu Agosti 1992, ilipopaa setilaiti ya TOPEX/Poseidon, kimo cha maziwa makubwa kinapimwa kutoka angani. Chombo hicho, kikiwa kilomita 1,336 juu yetu, kilituma mwale wa rada, ukagonga maji na kurudi. Safari yote ya kwenda na kurudi huchukua chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na kwa kupima muda huo kwa ustadi mkubwa wanajua kimo kwa sentimita kadhaa. Warithi wake, sasa Sentinel-6, hupita njia ile ile kila baada ya siku 10 hivi. Je, ngazi yangu ya saruji ina faida gani mbele ya mashine hiyo? Kwanza, inapimwa kila siku. Pili, setilaiti inajua kimo cha ziwa lakini haijui kwamba kimo fulani ndicho kinachofunga choo cha shule. Nikiwa na tarehe ya kupita kwake na alama ya ngazi ya siku ile, vipimo viwili vinafungamana, na kuanzia hapo kila ngazi yangu ina mita zake. Maji yalipozifunika ngazi za chini nilichagua ukuta ulioko juu zaidi, nikapima vyote viwili siku moja kabla ya kuhama. Asiyefanya hivyo anaanza daftari jipya lisilojuana na la zamani.

Mtu anayedhani kazi hii haina faida kwa sababu haina faida leo, namwelekeza kwa samaki tunayempenda, mukeke. Jina lake la kisayansi, Lates stappersii, limetokana na Mbelgiji Louis Stappers, aliyefanya kazi katika ziwa hili miaka ya 1912 na 1913 akipima vina na kukusanya samaki. Vipimo vya joto la maji vya 1913 vilikaa kwenye karatasi kwa miaka 90. Mwaka 2003 watafiti waliochapisha katika majarida ya Science na Nature walipotaka kujua kama ziwa limepata joto, ndivyo walivyovitumia kuwa mwanzo wa mstari. Ziwa limepata joto, na jambo hilo linagusa sufuria zetu. Chini ya mita 100 hadi 200 maji ya Tanganyika hayana oksijeni, lakini huko ndiko virutubisho vilikolala. Pepo za kusini za kiangazi huyachanganya maji na kuvipandisha. Tabaka la juu likizidi kuwa la moto linaelea kwa nguvu zaidi na kuchanganyika kunapungua; chakula cha ndagala kinapungua, na ndagala ndiye chakula cha mukeke. Aliyetumbukiza kipimajoto mwaka 1913 hakujua atakuwa shahidi katika kesi hiyo. Alichofanya ni kuandika digrii, kina, mahali na siku.

Katika safu ya bei ya ndagala watu huniuliza kwa nini siandiki mbalamwezi, maana kila mvuvi anajua kwamba usiku wa mwezi mpevu taa za mitumbwi hazivuti samaki, wavuvi hupumzika siku kadhaa, na bei hupanda. Siandiki kwa sababu sihitaji. Mwezi una mzunguko wa siku 29 na nusu na kidogo, na programu fupi inaweza kukokotoa umbo lake kwa siku yoyote iliyopita au ijayo. Tarehe ikiwa sahihi, mwezi, siku ya wiki, saa ya macheo na hata sikukuu mtu ataziongeza baadaye. Bei ya fungu la ndagala kwa akina mama wa soko la leo hakuna programu itakayoikokotoa. Hiyo ndiyo ninayoiandika.

Majina ya watu siandiki. Mji huu umepita kwenye vita, na daftari linalotaja nani alionekana wapi na nani linaweza kumdhuru mtu miaka baada ya mwandishi kulisahau. Maji, umeme, bei na mvua havimsaliti jirani.

Siku hizi vijana wawili wa kartiye wanaandika mvua pamoja nami, wakitumia chupa za plastiki zilizokatwa na rula. Jambo lililotuchukulia muda mrefu kukubaliana ni nafasi tupu. Mmoja alikuwa akiacha mstari mtupu siku isiyo na mvua. Mwenzake alikuwa akiacha mtupu siku aliyosahau kuangalia. Kwenye karatasi siku hizo mbili zinafanana kabisa. Nikawarudisha kwenye daftari la mtambo wa maji: siku ya sifuri, bomba likiwa kavu kabisa, ndiyo siku nzito kuliko zote katika hesabu ile ya kipindupindu. Ukiichukulia siku ambayo fundi hakuja kazini kuwa sifuri, unaitwika siku ya maji mengi dhambi isiyo yake. Ukiiacha sifuri ya kweli iwe nafasi tupu, unaifuta siku mbaya kuliko zote.

Tukakubaliana hivi. Ukiangalia na kukuta hakuna, andika 0. Ukiangalia ukashindwa kupima, mbuzi akiwa amepindua chupa, andika alama ya kuuliza. Usipoangalia kabisa, weka kistari, na baada ya kistari taja sababu. Hiyo sababu niliisisitiza kuliko vingine, kwa kuwa vistari havitawanyiki ovyo. Vinarundikana usiku ambao mto umevunja kingo, siku ambazo risasi zimelia na watu wamekimbilia ng'ambo, wiki ambayo mwandishi mwenyewe amelazwa. Kistari kisicho na maelezo kinaficha siku zile zile ambazo msomaji wa kesho atakuja kuzitafuta. Kijana mdogo zaidi aliuliza kama sababu nayo tuipe namba, moja kwa mafuriko, mbili kwa vita, tatu kwa ugonjwa, ili kompyuta ihesabu kwa urahisi. Nikamwambia aiandike kwa maneno, kwa Kiswahili, hata mstari ukiwa mrefu. Namba tutaziweka wenyewe siku tutakapozihitaji.